Punda Asiyekula, Asiyelala

Kitendawili, na wewe unayesikiliza usiangalie pembeni, maana ni chako: punda wangu hali, hanywi, halali, na mbio haachi, aliyempanda haonekani. Punda ni nani, na nani kampanda?

Kama hujui, toa mji. Ndiyo sheria tangu enzi za bibi zetu: asiyejua hutoa mji, akala aibu yake kidogo, akafunuliwa jibu. Lakini usiutoe upesi. Alikuwapo kijana mmoja wa Malindi ya Unguja aliyetegewa hiki hiki mbele ya futari, akakataa kutoa mji, hata kijiji akakataa, na ukaidi wake ule nusura umtie kaburini.

Kijana huyo akiitwa Shaame, mwana wa Mzee Jecha mpika halua, na aliyemtegea ni mama yake mzazi, Bi Kidawa. Nyumba yao ilikuwa na ua mpana nyuma, na katikati ya ua, chini ya banda la mabati, palikuwa na mafiga ya mawe na karai la shaba ambalo mtu mzima angeweza kukaa ndani akaoga. Watu husema halua hupikwa, lakini mwenye kuijua atakwambia hukorogwa. Wanga na sukari vikishaingia karaini, na samli, na iliki, na zaafarani kwa aliyejaaliwa kuipata, mwiko hauna ruhusa ya kusimama. Ukisimama ukapokea salamu tu, chini inashika. Na ikishashika, harufu ya moshi haitoki hata uimwagie marashi ya harusi nzima.

Tena halua ya Idd Mzee Jecha akiipika mchana, kwa kuwa hakuamini rangi iliyoangaliwa kwa taa. Mtu amefunga, jua liko juu, moto uko chini, na mwiko mrefu kama kasia uko mikononi. Miaka yote kazi hiyo waliigawana baba na mwana. Mwaka huo Ramadhani iliangukia mvua za vuli, kuni zikawa mbichi, moshi mzito, na pumu ya Mzee Jecha ikaamka kama jirani mgomvi. Daktari akampa vidonge vya kufungua kifua na akamkataza kabisa kusogelea mafiga. Akabaki Shaame peke yake. Mama yake na majirani wawili, Mashavu na Sichana, kazi yao ilikuwa kumenya iliki, kuiponda, na kusuka vikapu vidogo vya ukindu vya kutilia halua. Mwiko wa karai haukupata kushikwa na mwanamke katika ua ule, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Siku za mwanzo Shaame alichoka kama wanavyochoka watu. Akifuturu huku kichwa kinamwanguka kwenye bakuli la uji. Halafu, katikati ya mwezi, uchovu ukatoweka, kama kitu kilichookotwa na mpita njia.

Bi Kidawa alishukuru kwanza. Ni nani asiyeshukuru? Baadaye akaanza kutazama. Futari ilikuja na kurudi jikoni, muhogo wa nazi vilevile, kaimati zilezile. Mwanawe, aliyekuwa mtu wa maneno machache, sasa alizungumza tangu adhana mpaka watu wanatoka tarawehe, akiruka kutoka bei ya samli mpaka mwezini, na huko mwezini akapata la kuwafundisha waliokwenda. Meno yakisagana kwenye kituo cha kila sentensi. Macho yamefunguka kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

Akamuuliza anakula nini. Shaame hakuficha, maana hakuona cha kuficha. Alikaa barazani akalinganisha kama fundi cherehani anayelinganisha vitambaa. Alianza, alisema, kwa kidonge kimoja cha pumu cha baba, wakati wa daku. Kilimkimbizia usingizi lakini kilimpiga moyo kama ngoma na kumtetemesha vidole, hakukipenda. Ndipo Miraji, binamu yake dereva wa lori la karafuu, akampa vyeupe, wanavyomeza madereva ili wasisinzie. Hivyo vilimchukua mpaka alasiri, mikono mepesi, njaa hakuna. Sasa alikuwa na vya manjano, alivyopewa na Salem, baharia aliyekuwa akishuka bandarini na mambo ya ng'ambo mfukoni. Hivyo, alisema, ndivyo vidonge. Ukimeza kimoja daku, daku ya pili inakukuta bado umesimama. Na kubwa zaidi, saumu inakuwa nyepesi, kiu huijui.

"Mungu ametuwekea kiu tuijue," alisema Bi Kidawa.

"Mama, na mimi si nafunga? Sijala, sijanywa. Kosa langu liko wapi?"

Bi Kidawa alikuwa mtu wa kutafuta jibu kwa njia ya uani. Jioni ile, mbele ya futari isiyoliwa, akamtegea kile kitendawili. Shaame akacheka, akajibu kabla hakijatua: mtu aliyefunga. Bi Kidawa akatikisa kichwa. Aliyefunga hulala, tena sana. Baiskeli, akasema Shaame. Saa ya ukutani. Bahari. Upepo. Mashine ya kusaga. Majibu yalimwagika kama mtama uliotoboka gunia, na kila akikosa sauti ilipanda. Mzee Jecha, kutoka kitandani kwake, akamwambia atoe mji yaishe.

"Sitoi," akasema Shaame. "Mimi mwaka huu sishindwi."

Hakuna aliyecheka tena. Kitendawili kikabaki pale pale mkekani, hakikujibiwa wala hakikulipiwa mji.

Sasa ikaja halua yenyewe, na halua haijui kusema uongo. Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Hivyo ndivyo Mzee Jecha alivyomfundisha mwanawe, na hakupata karai lake kuliteka kabla ya kulionja. Lakini kinywa cha Shaame kilikuwa kikavu kama ukili, na moyo wake umejaa yakini. Akaacha kuonja. Akazidisha kuni ili karai liive upesi aanze jingine. Akakoroga mbio, mbio, mpaka mwiko ukapiga kelele, akaita watu waje waone rangi. Rangi ilikuwa nzuri kweli. Yeye mwenyewe aliapa kwamba tangu halua iumbwe haijapikwa kama ile.

Bi Shemsa, mjane wa mtaa wa pili na mteja wa miaka mingi, alirudi na kikapu chake siku ya pili, akakiweka mapajani mwa Bi Kidawa kwa adabu zote.

"Shoga yangu, halua yenu safari hii kama marehemu mume wangu. Nje inang'aa, ndani imeungua."

Bi Kidawa alionja magharibi ilipoingia. Sukari ilikuwa chungu na wanga mbichi, vyote viwili katika tonge moja, jambo ambalo mtu mzembe hawezi kulifanya. Linataka mtu anayejitahidi sana na asiyejua anachofanya. Hapo ndipo alipoogopa hasa. Halua mbaya hupikwa upya. Lakini mwanawe, alipoonjeshwa tonge lile lile, aliuita uchungu utamu.

Asubuhi akavichukua vidonge, kimoja kimoja cha kila namna, akavifunga pindoni mwa kanga, akaenda kwa Fatma binti Sleiman, msichana wa nyumba ya nne aliyesoma na kuajiriwa kutoa dawa hospitalini. Bi Kidawa alimjua tangu akitambaa, na Fatma hakuacha kumwamkia.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na wageni watatu. Niambie ukoo wao."

Fatma akavipanga juu ya kisahani. Kwanza akasema wazi kwamba cha pumu anakijua, lakini hivi vingine viwili vimetoka mifukoni, havina chupa wala jina, na rangi ya kidonge si kiapo. Mtu anaweza kutia chochote ndani ya manjano. Hilo peke yake ni hatari. Kisha akamsikiliza Bi Kidawa akisimulia yote, usingizi, meno, maneno, futari, na halua iliyoungua.

"Kwa unavyonisimulia, hawa ni ndugu," akasema. "Vyote vimetengenezwa mitamboni, na vyote vinaupiga moyo. Cha pumu kina kazi yake kifuani mwa Mzee Jecha, na daktari kampimia. Kwa Shaame kinaleta mtetemeko tu. Cheupe kinapanda kichwani. Njaa inakimbia, uchovu unafichika, mtu anajiona hana mfano. Hiki cha manjano, kama ndicho ninachokidhania, ndiye mkorofi wa ukoo. Anafika kichwani upesi, hatoki upesi, furaha yake kubwa, na siku ya kushuka, shimo lake refu. Ukikizoea, kimoja hakitoshi tena."

"Kahawa nayo si inafukuza usingizi?"

"Inafukuza. Lakini ukinywa kahawa, kiu unaisikia, na mwili ukisema basi unausikia. Hivi vinauziba mwili mdomo. Mwili unapiga kelele, mwenyewe anaimba."

Bi Kidawa akauliza swali la mama yeyote: basi kipi nafuu, ili kama hana budi ale hicho. Fatma akavifunika vile vidonge kwa kiganja.

"Hilo swali la nafuu ndilo lililomtoa kwenye pumu likamfikisha kwenye manjano. Hakuna kinachompa nguvu, Bi Kidawa. Vinachukua nguvu ya kesho na keshokutwa vikamlisha leo. Na yeye amefunga, yuko mbele ya moto, kiu haisikii. Atachemka kama hilo karai. Siku utakayomwona anawaka na jasho limekatika, au anasema yasiyoeleweka, au kifua kinambana, mpoze, mpe maji akiweza kumeza, na mlete. Usingoje magharibi."

Siku hiyo ilikuja upesi kuliko alivyodhani. Ilikuwa mchana wa kesho yake, mvua imepita, jua limetoka kwa hasira. Bi Kidawa alikuwa amekaa na Mashavu na Sichana wakimenya iliki. Alikuwa amemkanya Shaame asubuhi, naye akamjibu kwamba hawezi kuacha sasa, watu wanangoja halua, baba kaahidi. Mwiko ukawa unakwenda. Kisha Bi Kidawa akasikia mwanawe akizungumza na baba yake, anamuuliza kama samli inatosha, ananyamaza, anajibu, anacheka. Mzee Jecha alikuwa ndani, kalala.

Akainuka. Shavu la Shaame lilikuwa limewiva kama pilipili, na shingo, ambayo kutwa ilikuwa ikimiminika jasho, ilikuwa kavu. Alipomgusa, mkono wake mwenyewe ukaruka.

Akateka maji mtungini.

"Kunywa."

"Nimefunga, mama."

"Mungu kampa mgonjwa ruhusa. Utailipa siku nyengine."

"Sina kiu."

"Najua huna. Ndiyo maana unakunywa."

Kuna sauti ambayo mama huitumia mara chache maishani, na mtoto huijua hata akiwa na mvi. Shaame akanywa. Akanywa kata ya pili. Katika ya tatu akaketi chini kama mtu aliyekumbuka jambo. Wanawake wakamvuta kivulini, wakarowesha kanga zao wakamfunika, na nje mlangoni, kwa kudra ya Mola, Miraji alikuwa akishusha kuni. Alipomwona binamu yake alibadilika rangi, akakimbia kuwasha lori bila kuulizwa.

Bi Kidawa alikuwa ameshatia mguu kizingitini alipogundua kwamba mkononi kwake kuna mwiko. Hakukumbuka kuuchukua. Karai lilikuwa nusu ya safari, povu linapanda. Akageuka, akampa Mashavu.

"Usisimame mpaka nirudi."

"Mimi, Bi Kidawa? Sijui hata unashikwaje."

"Unashikwa kwa mikono," akasema, akapanda lori.

Hospitali walimpokea, wakampoza kwa maji na feni, wakamtia maji mengine mshipani. Moyo wake ulikuwa ukikimbia peke yake, kama farasi aliyemwangusha mwenyewe. Fatma aliacha dirisha lake la dawa akaja kusimama kitandani. Mama akawa anasoma kila dua aliyoijua, na zilipoisha akazirudia. Alasiri jasho likamtoka Shaame kwenye paji la uso, tone moja, kisha mengi, na Bi Kidawa hakupata kuona kitu kizuri kama kile. Daktari akasema walifika kwa wakati. Atalazwa, lakini atapona. Kijana akafumba macho, na safari hii yakafumbika kweli.

Bi Kidawa aliporudi Malindi, jua likikaribia kuzama, alijua karai limeungua na alikuwa amelisamehe. Lakini kutoka kichochoroni alisikia kitu ambacho hakupata kukisikia katika ua wake: wanawake wanaimba, na mwiko unafuata wimbo. Mashavu alichoka akampa Sichana. Sichana alichoka akamwita dada yake, na dada akamwita shoga yake, na hata Bi Shemsa alikuwamo, kanga kajifunga kiunoni, anakoroga na kuzitukana kuni. Mzee Jecha alikuwa dirishani juu, mbali na moshi, kitambaa puani, akiuliza inasemaje sasa, inabanja kwa kelele au inanong'ona. Mashavu akampigia ukelele kwamba inanong'ona. Basi punguzeni moto, akasema mzee, na machozi yake hayakuwa ya moshi.

Halua ilikuwa imeanza kuachia karai. Samli inang'aa pembeni, tonge linageuka zima zima kama mtoto usingizini. Adhana ilipolia, Bi Kidawa alifungua saumu kwa maji, akaonja. Akaonja tena.

"Tekeni," akasema. "Hii ni halua."

Tangu siku hiyo ua ule ukawa na sheria mpya: hakuna anayekoroga mpaka achoke. Ukisikia bega linazungumza, unapokewa. Miraji naye alikuja kila alipotoka njia ya Kizimbani, akashika zamu yake. Siku ya kwanza alisimama mbele ya shangazi yake akamwambia kwamba vile vyeupe vilimwonyesha ng'ombe katikati ya barabara, akampisha, akajikuta kwenye mkarafuu, na ng'ombe hakuwapo. Alijua, na bado akampa Shaame. Bi Kidawa hakumtukana. Alimtuma ampelekee Fatma vyote vilivyobaki, kisha arudi kwenye mwiko.

Shaame alirejea nyumbani, na hapo ndipo lile shimo refu lilipofunguka. Alilala, akaamka akala kama mkata kuni, akalala tena. Kisha usingizi ukampungukia na huzuni ikachukua nafasi yake. Alikaa ukutani akasema mikono yake ni magogo, rangi zimetoka duniani, na labda kimoja tu, kile kidogo cheupe, kingemrudisha kuwa mtu. Fatma alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba siku kama hizo zitakuja na zitapita, na asiachwe peke yake. Hakuachwa. Mchana alikaa naye baba, wakapumua pamoja wagonjwa wawili, jioni mama. Salem naye alipita, akapiga mluzi chini ya dirisha. Bi Kidawa akamtokea, akaitikia shikamoo yake, akamwambia kwamba Idd anakaribishwa kula halua kama mtoto wa nyumba, na mlango ule sasa unaingiwa kwa mifuko mitupu. Kijana aliinamisha kichwa, akaenda zake.

Mchana wa kuamkia Idd walikuwa kwenye karai la mwisho. Bi Kidawa alihisi mtu nyuma yake. Shaame alikuwa amesimama, kakonda, kaoga, macho yake yamerudi ukubwa wake wa zamani. Akanyoosha mkono. Mashavu akamtazama Bi Kidawa, kisha akampa mwiko.

Alikoroga polepole. Jasho lilimtoka, akalifuta, likamtoka tena. Aliposikia bega hakungoja. Alimpa Sichana mwiko, akasema amechoka, na neno lile, ambalo hakulitamka tangu katikati ya mwezi, lilimwingia mama yake masikioni kama takbiri. Kisha akachukua kijiti, akakichovya, akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni. Akafikiri.

"Iliki bado," akasema.

Kweli ilikuwa bado. Mzee Jecha akapiga makofi dirishani.

Ah, Idd ile! Vikapu vilitoka mlangoni toka swala ilipokwisha, watoto wanavibeba wamevaa nguo mpya, na jina likatangulia mbele: halua ya kupokezana. Walioionja walirudi, na waliorudi walikuja na wengine. Wanawake wa ule ua walikaa baraza ya mbele, mikono inanukia moshi chini ya hina, na hapakuwa na aliyeificha. Miraji alikuja, na Salem, mifuko mitupu. Bi Shemsa alimega tonge, akalitafuna macho kayafumba, baraza nzima ikimngoja.

"Huyu sasa," akasema, "ndiye mume niliyekuwa namtaka."

Kicheko kilipotulia, Shaame alikuwa amekwisha kula kikapu kizima na anatazama cha baba yake. Bi Kidawa akamtazama anavyotafuna.

"Shaame."

"Naam, mama."

"Mimi nnadai mji wangu. Kitendawili changu kiko mkekani tangu Ramadhani."

Watu wakamwambia atoe, leo sikukuu, atoe hata Unguja nzima. Shaame akafuta samli vidoleni, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Sitoi mji," akasema. "Punda nlikuwa mimi, mama. Na aliyenipanda, nshamshusha."